Kambi ya Ed Temple, Nashville: alichopewa Wyomia Tyus na alicholipa

Mzazi anayetafuta kambi ya riadha ya kumpeleka binti yake asingeichagua hii kwa kuitazama tu. Katika miaka ya 1950 timu ya wanawake ya Tennessee A&I, chuo cha Weusi mjini Nashville ambacho leo kinaitwa Tennessee State, ilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa udongo ambao kocha aliuchora mistari kwa mkono wake. Kocha huyo, Ed Temple, alianza kazi mwaka 1950 kwa mshahara wa dola 150 kwa mwezi, na kwa pesa hizohizo alitakiwa pia asimamie posta ya chuo. Timu ilikwenda kwenye mashindano kwa gari lake. Mpaka anastaafu mwaka 1994, wasichana wake, waliojulikana kama Tigerbelles, walikuwa wametoa wanariadha 40 wa Olimpiki na medali 23, kati ya hizo 13 za dhahabu.

Hesabu hiyo hutajwa kila mara, ila haimwambii mtu huduma yenyewe ilikuwaje: binti alipewa nini, alitakiwa kutoa nini, na kipi kati ya hivyo kinaweza kufanywa tena mahali pengine. Kwa hiyo tunaipima kambi hii kwa mtu mmoja, Wyomia Tyus. Wilma Rudolph, Tigerbelle aliyetwaa dhahabu tatu Roma mwaka 1960, ana jina kubwa zaidi, lakini kipaji chake kilikuwa cha ajabu mno kiasi kwamba ni vigumu kutenganisha mchango wa kocha na wa Mungu. Tyus ni kipimo kizuri zaidi. Aliingia mwaka 1960 akiwa mwanafunzi wa sekondari kutoka Griffin, Georgia, hakuna aliyemtazamia makubwa ya haraka, na mwaka 1968 akawa mtu wa kwanza duniani, mwanamke au mwanaume, kutetea taji la Olimpiki la mita 100.

Kuingia

Fomu za maombi hazikuwapo. Temple alihudhuria mashindano ya shule za Weusi za kusini mwa Marekani, akachagua wasichana wachache na kuwaalika Nashville wakati wa likizo ya majira ya joto. Wengine aliwapata kwa njia za kando: Rudolph alimwona akicheza mpira wa kikapu Clarksville, kwenye mechi ambayo Temple mwenyewe alikuwa mwamuzi. Tyus alimwona kwenye mashindano ya shule huko Georgia. Kipindi hichohicho binti huyo alimpoteza baba yake, mfanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa, akiwa na miaka 15. Mbio zikawa ndizo zilizomtoa kwenye ukimya.

Wazo la kuwaita wasichana wa shule wakati wa likizo halikuwa la Temple. Tuskegee, chuo kingine cha Weusi huko Alabama, chini ya kocha Cleve Abbott, ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Alice Coachman aliingia kwa mlango huo mwaka 1939, na mwaka 1948 akaruka mita 1.68 mjini London na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Temple aliuchukua mfumo huo akaubana vizuri zaidi, hasa kwa kuwachanganya wasichana wa shule na wanawake wa chuo kwenye mazoezi. Ukituuliza ni kipi kilikuwa bora kuliko vyote kwenye kambi hii, ni hicho. Msichana aliyezoea kuwaacha wenzake wa mkoani kwa mita tano, sasa anapigwa kila siku na mtu mwenye medali, anajua kabisa amepigwa kwa mita ngapi, na anaona jinsi yule mwenzake anavyofunga viatu, anavyojinyoosha, anavyokula na anavyolala mapema. Hakuna kitabu cha mafunzo kinachompa hayo.

Matokeo hayakuja mwaka wa kwanza. Yalikuja 1962, Tyus aliposhinda yadi 50, 75 na 100 za wasichana kwenye mashindano ya taifa ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani. Miaka miwili. Kocha wa klabu anayemtema msichana baada ya msimu mmoja kwa sababu "hapandi" aiangalie kalenda hiyo.

Ratiba

Majira ya joto walifanya mazoezi mara tatu kwa siku. La kwanza lilikuwa saa kumi na moja alfajiri, la mwisho mchana wakati jua la Tennessee limeshachachamaa. Kuchelewa kulikuwa na bei inayojulikana: dakika moja, mzunguko mmoja wa ziada. Rudolph aliwahi kupitiwa na usingizi akachelewa nusu saa, akakimbia mizunguko 30. Kesho yake alikuwa uwanjani nusu saa kabla ya wenzake.

Hapa kambi tunaikata alama, au tuseme tunamkata anayetaka kuinakili bila kufikiri. Mazoezi matatu kwa siku kwa mkimbiaji wa mbio fupi yana maana pale tu ambapo moja peke yake ndilo la kasi kamili. Mbio za kasi kamili zinachosha mishipa ya fahamu kuliko mapafu, na uchovu huo hausikiki kama pumzi kukatika. Mtu anajiona mzima kabisa, kisha kwenye mbio ya sita msuli wa nyuma ya paja unachanika. Kipimo kinachotumiwa na makocha wengi leo ni hiki: mita 300 hadi 500 za kasi kamili kwa zoezi zima, mapumziko ya kama dakika moja kwa kila mita 10 zilizokimbiwa (ukikimbia mita 60, pumzika dakika sita), na saa 48 kabla ya kurudia kasi hiyo. Alfajiri iwe ya kukimbia polepole na mazoezi ya viungo. Mchana iwe ya mbinu: kuondoka, mikono, kijiti. Anayewapigisha watoto mita 100 kumi mfululizo wakiwa na mapumziko ya dakika moja anawafundisha kukimbia mita 400 vibaya.

Na mizunguko 30 kama adhabu? Ni mita 12,000 kwenye uwanja wa mita 400. Ilimfunza Rudolph kuamka, haina ubishi. Lakini mfupa wa muundi wa msichana wa miaka 15 hauna habari kwamba ile ni nidhamu. Afadhali aliyechelewa apewe kazi ya kukusanya vifaa.

Kitu ambacho Temple alikisimamia na ambacho hakijapitwa na wakati ni ulegevu wa mwili katika kasi: taya limelegea, mabega yako chini, vidole havikukunjwa ngumi. Unaweza kukikagua kwa macho ukiwa umesimama mbele ya mkimbiaji kwenye mita 70. Akiwa anakaza shingo na meno yanaonekana, ameshaanza kupunguza kasi, hata kama yeye anaona ndiyo kwanza anaongeza bidii.

Uwanja

Kwenye uwanja wa udongo kila mtu anakimbilia leni ya kwanza, kwa hiyo inachimbika. Mvua ikinyesha inakuwa mfereji, na ikikauka inabaki na mashimo ya kutegua vifundo vya miguu. Tiba ni rahisi na haina gharama: leni ya kwanza na ya pili zifungwe kwa koni siku za mazoezi, zitumike kwenye mashindano tu. Siku za kukimbia polepole geuzeni upande, kwa sababu kuzunguka kushoto kila siku kunaupa mguu wa kushoto mzigo usiolingana na wa kulia. Na mistari isichorwe kwa chokaa mbichi ya kujengea. Inaunguza ngozi, na ikiingia machoni ni hospitali moja kwa moja. Tumia unga wa chaki.

Ubovu wa uwanja ulimwathiri vipi Tyus? Si sana, na sababu ni ya kihistoria. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 ilikuwa ya mwisho kukimbiwa kwenye uwanja wa changarawe laini ya makaa. Huko, aliyezoea udongo alikuwa nyumbani. Mexico mwaka 1968 ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye tartani, yaani uwanja wa sintetiki. Mabadiliko hayo yalibadili hata viatu. Uwanja wa udongo unataka misumari mirefu, na kanuni zinaruhusu hadi milimita 25 kwenye uwanja usio wa sintetiki. Kwenye tartani kikomo ni milimita 9, isipokuwa kuruka juu na mkuki ambako ni 12, na misumari isizidi 11 kwa kiatu. Kosa la kawaida mikoani kwetu ni mtoto kupelekwa kwenye uwanja wa tartani wa taifa akiwa na spaiki za udongo: kwanza waamuzi watamkatalia, pili hata wakimwachia, msumari mrefu unanasa na kuvuta goti. Nunua spaiki zenye misumari ya kufungua kwa ufunguo, na beba seti mbili.

Vijiti

Kama kambi hii ingekuwa duka, mbio za kupokezana vijiti ndizo bidhaa ingewekwa dirishani. Melbourne mwaka 1956, shaba ya 4x100 ya Marekani ilikimbiwa na wasichana wanne, wote wa Nashville: Mae Faggs, Margaret Matthews, Wilma Rudolph na Isabelle Daniels. Roma mwaka 1960 ikawa hivyohivyo: Martha Hudson, Barbara Jones, Lucinda Williams, Rudolph. Waliweka rekodi ya dunia ya 44.4 kwenye nusu fainali, na kwenye fainali wakashinda kwa 44.5.

Kwa nini fainali ilikuwa ya polepole kuliko nusu fainali? Makabidhiano ya mwisho yaliharibika. Williams alifika, kijiti hakikukaa mkononi mwa Rudolph, ikambidi apunguze ili akishike sawasawa, Mjerumani akatangulia, na Rudolph akamfukuza mpaka akampita. Picha za mbio hizo husifiwa kwa ule ukimbiaji wa mwisho. Kocha anayezitazama anaona kosa lililookolewa na kipaji, na pia anaona kanuni ya zamani ilivyokuwa inabana. Wakati huo mpokeaji alitakiwa kuanza kukimbia ndani ya eneo lenyewe la kupokezana, la mita 20. Mita 10 za kujipa kasi kabla ya eneo ziliruhusiwa kuanzia 1963, na tangu kanuni zilipobadilishwa tena mwishoni mwa miaka ya 2010, eneo zima la mita 30 linahesabika kuwa la kupokezana. Mpokeaji wa 1960 alikuwa na nafasi ndogo sana ya kufika kasi ya mwenzake. Kuchelewa hatua moja, kijiti kinamgonga. Kuwahi hatua moja, hakifiki.

Mazoezi ya kijiti hayahitaji uwanja mzuri, na ndiyo maana kambi maskini iliweza kuwa bingwa wa dunia kwa jambo hili. Mpangilio wa mikono unaotumika sana ni huu: wa kwanza anabeba mkono wa kulia ili akimbie karibu na mstari wa ndani wa kona, wa pili anapokea kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hakuna anayehamisha kijiti kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha alama ya kuondokea. Mpokeaji asimame mwanzoni mwa eneo, ahesabu nyayo 22 kurudi nyuma kuelekea anakotokea mwenzake, aweke utepe hapo. Mleta kijiti akikanyaga utepe, mpokeaji anaondoka kwa kasi kamili bila kugeuza kichwa tena. Jaribu mara tatu kwa kasi ya mashindano. Mleta akimkanyaga mpokeaji visigino, mpokeaji amechelewa kuondoka, ongeza nyayo mbili. Asipomfikia, mpokeaji amewahi, punguza mbili. Ikishakaa sawa kwa siku mbili tofauti, iandike kwenye daftari kwa majina ya wawili hao, maana mpokeaji yuleyule akipewa mleta mwingine alama hiyo haifai tena.

Yanayoharibika ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kupima alama kwa kasi ya mazoezi: siku ya mashindano mleta anakuja na kasi zaidi na alama yote inakuwa uongo. La pili ni mpokeaji kunyoosha mkono tangu anaondoka, akakimbia mita 15 kama mtu anayeomba lifti. Mkono unyooke baada ya kusikia sauti ya mleta kijiti tu. La tatu, na hili linaziua timu zenye nyota, ni kumweka mwenye kasi zaidi mwishoni bila kujali kama anajua kupokea. Anayeondoka vizuri na kupokea vibaya akimbie wa kwanza, ambako hapokei.

Mbio za Tyus zinaonyesha kwamba ujuzi huu unabebeka. Tokyo alikimbia wa pili, katikati ya Willye White na Marilyn White, na Edith McGuire akamaliza. Walipata fedha nyuma ya Poland. Mexico yeye ndiye aliyekuwa Tigerbelle pekee kwenye timu. Barbara Ferrell, Margaret Bailes na Mildrette Netter walitoka klabu na vyuo vingine, muda wa kuzoeana ulikuwa mfupi, na bado walishinda kwa rekodi ya dunia ya 42.88, Tyus akimaliza.

Tokyo na Mexico

Kwenda Tokyo, mpango wa Temple ulikuwa kwamba McGuire ndiye wa mita 100 na Tyus, mwenye miaka 19, aende apate uzoefu. Zamu yake ingefika 1968. Katika raundi za mchujo Tyus akakimbia 11.2 na kuifikia rekodi ya dunia ya Rudolph. Kwenye fainali akawa wa kwanza kwa 11.4 ya saa ya mkono, McGuire wa pili. McGuire akaenda kuchukua dhahabu yake kwenye mita 200. Kambi iliyojaza nafasi mbili za kwanza za mita 100 za Olimpiki ilikuwa bado inafanyia mazoezi kwenye udongo.

Mexico inahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu watu huweka 11.08 ya pale kando ya 11.49 ya fainali ya Tokyo kwa saa ya umeme na kusema aliboreka kwa sekunde 0.41. Sivyo. Mexico iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mkimbiaji wa mita 100 anapata nafuu. Uwanja ulikuwa wa tartani. Upepo wa nyuma ulikuwa mita 1.2 kwa sekunde, ndani ya kikomo cha 2.0 lakini si bure. Kipimo cha haki ni wapinzani waliokimbia kwenye hewa hiyohiyo: Ferrell 11.15, Irena Szewińska wa Poland 11.19. Alishinda kwa sekunde 0.07. Tokyo alikuwa ameshinda kwa 0.13. Kwa hiyo ubingwa wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na hilo linaongeza thamani yake.

Kabla ya fainali hiyo, wenzake wakiwa wamekaza nyuso nyuma ya vibao vya kuanzia, Tyus alikuwa anacheza dansi. Waliomwona walidhani anatania. Kwa kweli ni ule ulegevu wa Nashville: mwili hauwezi kukaza mabega na kucheza kwa wakati mmoja. Mkimbiaji mwenye woga apewe kitu cha kufanya na mwili wake katika zile dakika tatu za mwisho, si maneno ya kumtuliza.

Michezo hiyohiyo ya Mexico ndiyo iliyowaona wanawake wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki, Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Na ndiyo ya ngumi ambazo Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji Weusi wa Marekani, waliziinua jukwaani kupinga ubaguzi. Tyus alikimbia na kaptura ya rangi nyeusi-nyeusi badala ya nyeupe ya timu, na baada ya dhahabu ya kupokezana vijiti aliwaambia waandishi kwamba wasichana wanaitoa medali yao kwa Smith na Carlos. Hakuna aliyewauliza wasichana mapema kama wangeshiriki maandamano hayo. Magazeti nayo yaliipa rekodi yake ya kutetea taji nafasi ndogo. Mmarekani Carl Lewis alipopewa taji la pili la mita 100 mwaka 1988 baada ya Ben Johnson kuondolewa kwa dawa, wengi waliandika kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

Bei

Binti hakulipa ada ya kambi. Hilo lisikudanganye. Kwenye chuo ufadhili kwa miaka mingi ulikuwa wa kazi: saa mbili kila siku, siku tano kwa wiki, juu ya masomo na mazoezi. Wanaume wa mpira wa miguu wa Kimarekani walikuwa na ufadhili kamili. Anayesifu nidhamu ya Tigerbelles bila kulitaja hili anasifu ubaguzi bila kujua.

Usafiri ulikuwa na bei yake. Kwenye barabara za kusini hoteli, migahawa na vyoo vya Wazungu vilikuwa vimefungwa kwao, kwa hiyo chakula kilifungwa kutoka chuoni na haja zilikwenda porini. Mashindano yaliyo saa nane kutoka nyumbani yalikuwa saa nane za kukaa kwenye gari moja lililojaa, kisha kushuka na kukimbia. Miguu iliyokaa namna hiyo inahitaji nusu saa nzima ya kupasha misuli joto, si dakika kumi. Shule zinazosafirisha timu kwa basi usiku kucha kwenda kwenye mashindano ya kanda zinalijua tatizo hilo vizuri.

Kanuni za tabia zilikuwa kali, zikiwamo za magari ya wavulana na saa za kurudi bwenini, na si kila mtu zingemfaa. Willye White, aliyepata fedha ya kuruka chini akiwa na miaka 16 mwaka 1956, hakumalizia safari yake Nashville. Alihamia Chicago na akafika Olimpiki tano, hadi 1972. Kambi bora duniani haikuwa njia pekee, na mzazi asiogopeshwe kwamba ukitoka hapo umekwisha.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa kwamba mfumo mzima ulisimama juu ya mtu mmoja. Kipaji alikitafuta yeye, mazoezi yake, gari lake, barua kwa wazazi zake. Baada ya sheria ya 1972 iliyovilazimisha vyuo vya Marekani kutobagua wanawake kwenye elimu na michezo, vyuo tajiri vilianza kutoa ufadhili kamili, na wasichana ambao zamani wangepanda treni kwenda Nashville wakawa na barua tano mezani. Medali ziliendelea kuja, kama za Kathy McMillan mwaka 1976 na Chandra Cheeseborough mwaka 1984, ila ule ukiritimba uliisha. Kwa wanawake kwa jumla ilikuwa heri.

Sasa lile ambalo kambi hii ilitoa na nyingine nyingi hazikutoa, wala leo hazitoi. Kati ya wanariadha wake 40 wa Olimpiki, 39 walimaliza chuo na kupata shahada. Aliyezembea darasani alijua kwamba kasi yake haitamwokoa. Enzi hizo mwanariadha wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa, kwa hiyo medali haikununua hata unga. Rudolph aliacha mbio mwaka 1962, bado yuko juu, akiwa na miaka 22, akaenda kufundisha. Tyus aliacha baada ya Mexico akiwa na miaka 23. Wote wawili walikuwa na cheti cha kuombea kazi. Kambi za likizo za Iten, Kenya, ambazo Brother Colm O'Connell alizianzisha kwa wasichana na wavulana wa shule, zina undugu na hii kwa kuwa zimefungamana na kalenda ya shule. Kambi nyingi za binafsi zilizoota pembeni yake hazina. Ukitaka kuikagua kambi yoyote leo, usianze na picha za washindi ukutani. Uliza walioshindwa kufuzu miaka mitano iliyopita wako wapi na wanafanya nini. Kocha mwenye majibu atakutajia mmoja mmoja.

Uimara

Mwaka 1973 ligi ya kulipwa ya riadha ilianza mashindano yake Marekani, na Tyus, aliyekuwa amekaa nje miaka mitano na amezaa, akarudi kukimbia yadi 60 za ukumbini. Yadi 60 ni mita 55 kasoro kidogo. Hakuna kumaliza kwa nguvu, ni kuondoka kwenye vibao na kushika kasi tu. Msimu wa kwanza alishinda baadhi na kupoteza nyingi. Msimu wa pili alishinda kila mbio aliyoingia, bila Temple, bila kambi, akiwa na miaka 28 na kidogo, dhidi ya wasichana ambao wengine walikuwa bado shule ya msingi wakati yeye anapokea dhahabu ya Tokyo.